Bunduki ama mshale, nani alikuwa na spidi?

SWALI: Mhariri, hapa base yetu Umoja kuna ubishi tangu wikendi. Jamaa mmoja anasema bunduki ilipotokea tu watu wakatupa mishale, mwingine anasema zile za kwanza zilikuwa takataka. Na kwani ni Wazungu walianza? – Msomaji, Umoja

JIBU: Huyo wa takataka mnunulieni chai, amekaribia. Wazungu walikuja nyuma, baruti ni ya Wachina, yaani shura, salfa na makaa, na kufika 1044 fomula ilikuwa imeshaandikwa kwa kitabu chao cha kijeshi. 1132 kule De'an, mji wa China, wakapigana na mikuki ya moto, mianzi imejazwa baruti inamtemea adui moto.

Sasa chukua bunduki ya utambi ya miaka ya 1500. Unamwaga baruti kwa mdomo wa mtutu, unashindilia risasi ya duara na fimbo, unaweka baruti kidogo kwa kisahani cha pembeni, halafu ndio uvute kilimi utambi uinamie hapo, na muda huo wote utambi unawaka na wewe umebeba baruti mwilini, ukizubaa unajilipua mwenyewe. Mvua ikinyesha, kwisha. Mwenye upinde saa hiyo ameshakutumia mishale kadhaa.

Mbona basi bunduki ikashinda? Risasi ilitoboa mavazi ya chuma, sawa, lakini mimi naona kubwa ni training. Mpiga upinde mkali anaanza akiwa mtoto mpaka mabega yazoee, ya bunduki unamtoa mtu shambani unamfunza wiki chache, akiuawa unaleta mwingine. Hesabu ya kikatili lakini wafalme waliipenda. Hata hivyo haikuwa chap chap, Uingereza ni mpaka 1595 ndio serikali ikaamua wapiga upinde wasiandikishwe tena jeshini.

Na hapa kwetu, Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, alipovamia Mombasa 1505, wenyeji walimpokea na mizinga, tena waliyoopoa kwa meli ya Wareno iliyoharibikia pwani! Wareno walipoingia vichochoroni wakakutana na mishale, na mawe yakitupwa kutoka juu ya manyumba. Mji ulianguka, ukaporwa, ukachomwa. Mkishuka Mombasa mtaona mizinga ya zamani pale Fort Jesus, ila hiyo ngome ilianza kujengwa 1593, msije mkaanzisha ubishi mwingine eti ndiyo ilimpiga Almeida.