Edward: jina lililookolewa na mtakatifu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa kama maana nzuri ndiyo inayolifanya jina lidumu. Nikilipima kwa jina la Edward, ambalo huku kwetu limezoeleka hata hatulioni tena kuwa geni, jibu langu ni hapana.

Maana ninakiri kwamba linayo. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha kale: ead, yaani mali au heri, na weard, yaani mlinzi. Koo za kifalme za Wasaksoni, waliotawala Uingereza kabla ya 1066, zilipenda kurudia kipande kimoja cha jina kizazi hadi kizazi, ndiyo maana tuna pia Edgar, ambaye ndani yake mna mkuki, Edwin, ambaye ndani yake mna rafiki, na Edmund, ambaye naye ni mlinzi.

Wanormani, watu wa Normandia huko Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na akina William, Robert, Richard na Henry, na baada ya vizazi vichache Waingereza wenyewe wakawa wanawaita watoto wao kwa majina ya mabwana hao wapya. Ethelred, Leofric na Wulfstan, majina yenye maana nzuri vilevile, yakafifia. Edward lilinusurika kwa ajili ya mfalme mmoja, Edward Muungamadini wa Uingereza, aliyefariki Januari mwaka huohuo wa 1066. Mama yake, Emma, alikuwa Mnormani, naye mwenyewe alikulia uhamishoni Normandia. Tena William, kiongozi wa Wanormani, alidai kiti cha enzi kwa hoja kwamba Edward ndiye aliyemwahidi kiti hicho. Washindi wangelidharauje jina la mtu waliyejitangaza kuwa warithi wake? Mwaka 1161 Papa Alexander wa Tatu akamtangaza kuwa mtakatifu.

Hata hivyo, aliyelirudisha jina hilo katika nyumba ya kifalme ni mfalme Henry wa Tatu, ambaye ibada yake kwa Muungamadini ilikuwa kubwa kiasi cha kuanza kulijenga upya kanisa la abasia ya Westminster mwaka 1245 na kuyahamishia humo masalia yake, katika kaburi jipya, mwaka 1269. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1239 alimwita Edward, na aliyefuata akamwita Edmund, kwa heshima ya mfalme mtakatifu mwingine wa Wasaksoni. Kwa maana tu, angekuwa amewapa wanawe wawili karibu jina lilelile. Ni dhahiri kwamba alitazama watakatifu, si kamusi. Edward huyo alitawala kuanzia mwaka 1272, akafuatwa na mwanawe na mjukuu wake wenye jina hilohilo, mpaka mwaka 1377. (Huitwa wa Kwanza ingawa wafalme watatu walimtangulia kwa jina hilo, kwa kuwa hesabu huanzia uvamizi wa 1066.) Kitukuu cha Edward wa Tatu akawa mfalme wa Ureno kwa jina la Duarte, ambalo ni Edward kwa matamshi ya huko.

Hapa kwetu jina lilifika kwa njia ya ubatizo, na pia kwa ramani. Mwaka 1889 mvumbuzi Henry Morton Stanley aliliita ziwa lililo kati ya Uganda na Kongo kwa heshima ya mwana wa Malkia Victoria, Albert Edward, ambaye alipotawazwa aliacha Albert na kujiita Edward wa Saba. Miaka ya 1970 Idi Amin alilipa ziwa hilo jina lake mwenyewe, lakini alipoondolewa madarakani, jina la Edward lilirudi.