Maswali ya Wasomaji: Siti ya Pikipiki Isiyomchosha Dereva Wala Abiria

Tangu tuandike kuhusu cheni na sproketi, barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo moja tu, nalo ni makalio. Tumechagua sita.

Nina Boxer 150, nabeba abiria kutwa nzima. Fundi alinibadilishia sponji akaweka laini kabisa, kama godoro. Wiki ya kwanza raha tupu, sasa nikikaa saa mbili makalio yanawaka moto. Niongeze sponji nyingine juu yake?
*Dereva wa bodaboda, Kimara, Dar es Salaam*

Usiongeze, ndugu. Utaongeza urefu wa siti, na maumivu yatabaki palepale.

Binadamu akikaa, uzito wa kiwiliwili hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Sponji laini huiruhusu mifupa hiyo izame hadi ikutane na kitako kigumu cha siti, yaani bamba la chini la plastiki au bati. Hapo nyama inabanwa katikati, damu haipiti vizuri, na ndiyo huo moto unaousikia. Siti nzuri, ukiibonyeza kwa kidole gumba dukani, mara nyingi utadhani ni ngumu. Raha yake huijui mpaka saa ya tatu.

Cha kuangalia ni uzito wa sponji kwa ujazo wake. Omba kipande kilichokatwa sawasawa, sentimita 20 kwa 20, unene sentimita 10, ukipime kwenye mizani. Gramu utakazopata gawanya kwa 4: hizo ni kilo kwa mita moja ya ujazo. Kipande cha gramu 100 ni sponji ya kilo 25, ya godoro la kawaida. Kwenye pikipiki italala mapema. Cha gramu 240 ni ya kilo 60, na hiyo ndiyo unayoitaka. Muuzaji akikataa kupimiwa, nenda duka linalofuata.

Lakini uzito peke yake hautoshi, kwa sababu ipo sponji nzito na laini, na ipo nzito na ngumu. Ndiyo maana tunashauri tabaka mbili. Chini weka sentimita 3 hadi 4 za ile sponji ya madoadoa ya rangi rangi, inayotengenezwa kwa vipande vilivyosagwa na kugandishwa upya. Hiyo huzuia mifupa isigonge chini. Juu yake weka sentimita 3 za sponji ya kilo 50 hadi 60, inayobonyea kiasi. Sponji ngumu ya kutengenezea kandambili inafaa kujengea kingo tu. Ukiikalia yenyewe ni sawa na kukalia ubao.

Gundi ipakwe pande zote mbili, iachwe ikauke mpaka isishike kidole, kisha tabaka zibandikwe kwa mara moja. Fundi akibandika gundi ikiwa bado mbichi, katikati hubaki unyevu na baada ya miezi michache tabaka zinateleza. Tena amwambie msaidizi wake asimwage gundi nyingi pale unapokaa: ikikauka inakuwa ngozi ngumu ndani ya sponji.

Kabla hajavalisha kava, ikalie siti robo saa ikiwa imefungwa kwenye pikipiki, na umwambie panapouma. Mahali panapouma panasema tatizo. Mifupa ya makalio ikiuma, sponji ni laini mno au imekwisha. Ganzi sehemu za mbele ni dalili kwamba siti inainama mbele au pua yake, ile ncha ya mbele, imenyanyuka na ni pana. Mapaja yakiuma kwa ndani, kingo ni kali, zipigwe msasa ziwe mviringo. Kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo, kikiuma, unakaa umejikunja kwa sababu siti inakusukuma kwenye tangi. Magoti yakiuma, siti iko chini mno kwako. Sentimita 2 za ziada zinaweza kutosha. Kosa moja halitibiwi kwa dawa ya lingine, ingawa mafundi wengi hujibu kila malalamiko kwa neno "tuongeze sponji".

Ninunue siti nzima mpya ya dukani au nipeleke ya zamani kwa fundi? Pikipiki yangu ni TVS HLX 125.
*Msomaji, Nakuru*

Kama kitako cha siti yako hakijapasuka, peleka kwa fundi. Kitako cha kiwandani ndicho kilichotengenezewa fremu yako, na siti nyingi za bei nafuu hukosea hapohapo: kava linang'aa, chini plastiki nyembamba inayopinda.

Ukilazimika kununua, nenda dukani na pikipiki yenyewe. Neno "inaingia HLX zote" lisikutoshe. Igeuze siti juu chini kabla hujatazama kava. Angalia ulimi wa mbele unaoingia chini ya tangi, matundu ya bolti au ndoano ya kufuli, na zile raba za miguu. Raba ndizo zinazopeleka uzito kwenye fremu. Zikikosekana, uzito wote unabebwa na ndoano na bolti, kitako kinapasuka kuanzia kwenye tundu la bolti. Raba za siti ya zamani zitoe uzitunze, maana mpya nyingi huja bila raba.

Ukishaifunga, acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya siti na tangi, la sivyo itakula rangi. Kisha mwambie mtu mzito akae, nawe uchungulie chini kwa tochi. Waya usibanwe. Kama kitako ni cha bati, hakikisha hakiwezi kugusa kichwa cha chanya cha betri hata siti ikibonyea kwenye shimo. Kichwa hicho kivalishwe kifuniko chake cha raba. Bati likigusa hapo ni shoti, na shoti chini ya siti iko jirani na tangi la mafuta.

Mke wangu analalamika kwamba nikifunga breki ananilalia mgongoni, na tukifika safari ya saa mbili hawezi kusimama. Siti ni ndefu, iliyonyooka. Nifanyeje?
*Baba wa watoto watatu, Dodoma*

Siti iliyonyooka ni nzuri kwa mzigo, na kwa mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ambao sheria inaukataza. Abiria mmoja anayesafiri mbali haimfai. Yeye hana usukani wa kushika wala tangi la kubana kwa magoti, kwa hiyo breki ikikamatwa anateleza mpaka akukute wewe.

Mwambie fundi atengeneze ngazi. Sehemu yako ishuke, yake ipande, tofauti iwe sentimita 3 hadi 5, na ukuta wa ngazi uwe na mteremko laini usiomchoma mapajani. Isizidi hapo: akikaa juu sana anapata upepo wote, na pikipiki inakuwa na kichwa kizito kwenye kona. Faida ya pili ya ngazi ni magoti yake. Vikanyagio vya nyuma havisogei, kwa hiyo njia rahisi ya kumkunjua miguu ni kumpandisha yeye.

Sehemu yake iwe na urefu wa sentimita 30 au zaidi kabla ya kufika kwenye karia. Pima hilo wewe ukiwa umekaa, kwa sababu madereva wengi hula nusu ya siti ya abiria bila kujua. Uso wa sehemu hiyo uwe tambarare au uinuke kidogo mbele. Ukiwa wa mviringo kama mgongo wa punda, atakuwa akijishikilia njia nzima, na huko kujishikilia ndiko kunakochosha kiuno. Reksini inayong'aa ikatae. Chukua yenye vipele au mistari.

Bomba la karia linalogusa mgongo wake lifungwe sponji ngumu, na awe na mpini wa kushika pembeni. Kama amezoea kukaa upande kwa sababu ya kanga au gauni, hakuna siti itakayomsaidia: uzito wote unakaa paja moja, na mguu mmoja hauna pa kukanyaga. Suruali ndani ya gauni, akae sawasawa.

Halafu, kabla hujatoa hata senti, tazama shokapu za nyuma. Pikipiki ndogo nyingi zina kikombe chenye ngazi za kukaza springi, mara nyingi tano, na wengi hawajakigusa tangu wanunue. Mkiwa wawili kaza ngazi moja au mbili zaidi, kushoto na kulia ziwe sawa kabisa. Shokapu ikigonga mwisho kwenye kila tuta, siti inalaumiwa bure. Ikivuja mafuta, badilisha zote mbili.

Naona mtandaoni wanauza mito ya jeli ya kuweka ndani ya siti. Inafaa Mombasa?
*Msomaji, Likoni*

Jeli hutawanya uzito na hupunguza mtetemo kidogo. Haiondoi kosa la umbo wala sponji iliyokwisha. Na kwa jua la pwani ina tabia mbaya: hunyonya joto na kulitunza. Ukiegesha nje saa sita mchana, utakalia kikaango. Ukiipenda, iwekwe chini ya sponji ya angalau sentimita 1, na siti iegeshwe kivulini au ifunikwe.

Kwa joto, cha bei nafuu kinachofanya kazi ni ngozi ya kondoo yenye manyoya yake, au wavu mnene wa plastiki unaoacha hewa ipite. Kava la kijivu pia lina nafuu kuliko jeusi.

Siti yangu mpya ina mishono mizuri sana ya umbo la almasi, lakini mvua ikinyesha inakunywa maji siku mbili. Nimeziba kwa mfuko wa nailoni, bado.
*Dereva, Bukoba*

Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na mishono ya almasi ina mamia ya matundu pale pale unapokaa. Ukikaa unaisukuma hewa nje ya sponji. Ukinyanyuka sponji inavuta, na kama kava lina maji juu inavuta maji. Nailoni ya juu haisaidii ukiiondoa na kukalia mshono uliolowa.

Vua kava. Kamua sponji kwa taulo, ianike kivulini penye upepo mpaka ndani pakauke. Mishono yote ipakwe gundi ya raba upande wa ndani, na kati ya sponji na kava itandazwe nailoni nzito isiyo na kiungo. Yale matundu madogo chini ya kitako usiyazibe, ndiyo njia ya maji kutokea. Ukishona tena, omba kava lisilo na mshono katikati. Mishono ikae pembeni inapotazama chini. Urembo utapungua, tunakubali.

Wakati wa kurudisha kava, liachwe juani nusu saa lilainike. Pini ya stepla ya kwanza iwe mbele katikati, ya pili nyuma katikati, kisha pembeni kwa kupokezana kulia na kushoto. Kwenye kona pini zikae kila sentimita 1, kwenye mstari ulionyooka kila sentimita 2. Kwa kitako cha plastiki pini za milimita 6 kwa kawaida zinatosha. Ndefu zaidi hutokea upande wa pili, na misumari ya fundi viatu ndiyo mibaya kabisa. Kava lisivutwe kama ngozi ya ngoma. Likikazwa hivyo linaibana sponji kabla hata hujakaa, na sponji nzuri uliyoilipia inageuka ngumu.

Nina Honda Africa Twin CRF1000L, nasafiri na mwenzangu Nairobi hadi Marsabit. Niagize siti Marekani?
*Msomaji, Nairobi*

Anza na ulichonacho. Siti ya dereva ya pikipiki hiyo ina nafasi mbili, milimita 850 na 870 kutoka ardhini. Kama uko ya chini na magoti yanauma, hamia ya juu kwanza. Ni bure.

Watengenezaji wa siti wanaotajwa sana ni Corbin wa Hollister, California, na Sargent wa Jacksonville, Florida. Corbin hutumia sponji ngumu na sehemu pana ya kukalia, na siku za mwanzo wengi huichukia. Usiihukumu kwa safari moja ya Naivasha. Ya ngozi halisi hupumua vizuri lakini inataka kupakwa mafuta na kukingwa mvua; mkisafiri misimu yote chukueni ya vinaili. Upana una gharama yake: kila sentimita inayoongezwa kwenye pua inayasukuma mapaja nje, na miguu inapungukiwa kufika chini. Mwenye miguu mifupi apime hilo kabla ya kulipa. Agiza kwa modeli na mwaka kamili, na uliza kama ya dereva na ya abiria zinauzwa pamoja, kwa kuwa kwenye pikipiki hii ni vipande viwili.

Kabla ya kufika huko, jaribuni mto wa hewa kama Airhawk. Makosa yanayofanywa ni kuujaza mpaka unavimba, halafu mtu analalamika kwamba pikipiki inayumba. Jaza, kaa ukiwa umevaa nguo za safari, kisha fungua valvu taratibu mpaka mifupa ya makalio ibaki kama sentimita 1 juu ya siti. Mtu akikutazama asione kama mto una hewa. Mkipanda kutoka bondeni kwenda nyanda za juu hewa hutanuka ndani yake, kwa hiyo punguzeni kidogo mkisimama kuweka mafuta, na mwenzako aupime wa kwake mwenyewe, maana uzito wenu si mmoja.