Okafor, Okoye, Okeke: hivi wote hao ni ndugu?

Tangu nitaje kwenye ukurasa huu kwamba niliwahi kuishi Enugu, kusini mashariki mwa Nigeria, meseji zenu zimekuwa Waigbo, wenyeji wa huko, mtindo mmoja. Nimechagua nne, zingine zinafanana fanana.

Anti, shikamoo. Mi ni mtu wa mpira na muvi za Nigeria, kila nikigeuka nakutana na Okafor, Okeke, Okonkwo, Okoye, Okorie. Huo ukoo una watu wangapi jamani? Au ndo kama akina Juma? – Baraka

Marahaba Baraka. Umeuliza na kujijibu hapo hapo, ni kama akina Juma kweli. Wiki ya asili ya Waigbo ina siku nne tu: Eke, Orie, Afo na Nkwo, na ni siku za soko, kila mji una soko lake linalochangamka siku fulani ndo maana mpaka leo unasikia Eke Awka, Orie Orba, Nkwo Nnewi, jina la siku limebaki kwenye soko hata kama siku hizi linafunguliwa kila siku. Wiki saba za namna hiyo ni mwezi, siku 28, na mwaka wao una miezi 13.

Sasa mtoto wa kiume akizaliwa siku ya Eke anaitwa Okeke, wa Orie ni Okorie, wa Afo ni Okafor, wa Nkwo ni Okonkwo. Ukitoa hiyo "Ok" ya mbele ukaweka "Nwa", yaani mtoto, unapata Nweke, Nwafor, Nwankwo. Wasichana nao walikuwa na yao, Mgbeke, Mgborie, Mgbafor, Mgbankwo, ila hayo yamepungua sana na maskini Mgbeke siku hizi limekuwa neno la kumcheka msichana anayeonekana mshamba, mi huwa linaniuma kidogo maana ni jina zuri tu.

Na Okoye je? Huyo ni Okorie yule yule! Upande wa jimbo la Anambra siku ya Orie wanaiita Oye, kwa hiyo Okorie akivuka kwenda huko anakuwa Okoye.

Kuhusu ukoo, zamani mtu alikuwa na jina lake na akitambulishwa kwa baba yake basi, flani mtoto wa flani. Zikaja shule za misheni na ofisi za mkoloni zikataka jina la ukoo la kuandika kwenye daftari, jina la baba au babu likaganda hapo. Kwa hiyo Okafor wawili wanachoshiriki ni kwamba babu wa huyu na babu wa yule walizaliwa siku ya Afo. Udugu utafute kwingine.

Anti, mchumba wangu ni Muigbo wa jimbo la Imo, najifunza lugha yao kidogo kidogo kwa apu ya simu. Rafiki yake wa Anambra akinisikia ananisahihisha kila neno. Nikisema "aha" (jina) yeye anasema "afa", nikisema "ulo" (nyumba) yeye "uno", "ihe" (kitu) yeye "ife". Nani anakosea? – Rehema

Hakuna anayekosea dada, ila huyo shemeji rafiki ana kiherehere. Ulichokutana nacho ni lahaja, na ukishajua siri yake inakuwa rahisi kuliko unavyodhani. Angalia hayo maneno yako matatu: pale penye "h" watu wa Anambra wengi wanaweka "f", na "l" inaweza kuwa "n". Basi. Kuna jina la mtoto wa kiume linaloombea ukoo usikatike, maana yake "jina langu lisipotee". Huko kwa mchumba wako wanasema Ahamefula, Anambra ni Afamefuna. Ukiyaona kwenye karatasi utaapa ni majina mawili tofauti, kumbe ni sala moja. Ndo hivyo hivyo Ifeoma na Iheoma, kitu kizuri. Yule mchezaji mpira Kelechi Iheanacho, jina la mwisho ni kama "kitu tunachokitafuta", na kwa hiyo "ihe" tu ya mbele Muigbo yeyote ameshajua hawa siyo watu wa Onitsha, mji wa Anambra. R na L nazo zinabadilishana, maji ni "mmiri" kwa wengi lakini Onitsha utasikia "mmili", na mzaliwa wa kwanza wa kiume ni Okpara hapa na Okpala pale.

Hiyo ni upande rahisi. Ukienda Ebonyi kwa Waizzi, au Nsukka ndani ndani, hata Waigbo wenzao wanakaza masikio. Na Rivers wapo Waikwerre wengi wanaokuambia wazi kwamba yao ni lugha yao, isiitwe lahaja ya mtu, hapo ushauri wangu usibishane, sikiliza tu.

Watu wameshajaribu kuziunganisha. Biblia iliyotoka 1913 wamisheni walichanganya lahaja kadhaa ndani ya chungu kimoja wakaiita Igbo ya Muungano, malalamiko yakawa kwamba imekuwa lugha isiyo na mwenyewe, hakuna kijiji kinachoongea vile. Baadaye ikaja Igbo ya Kati, halafu 1961 ukakubaliwa utaratibu mmoja wa kuandika unaoitwa Onwu, kwa jina la mwenyekiti wa kamati (sadfa mbaya, onwu maana yake kifo), na kuanzia miaka ya 1970 ikasukwa Igbo Sanifu ambayo ndo ya shuleni na ndo hiyo ya apu yako. Kwa hiyo we ongea ya mama mkwe. Igbo Sanifu iache kwa kusomea.

Kitu ambacho apu haitakusaidia sana ni sauti kupanda na kushuka. Sisi kwenye Kiswahili tunakaza silabi ya pili toka mwisho, tumezoea mpaka hatujui kama tunakaza. Kwa Igbo hiyo ni ajali inayosubiri. Neno "akwa" sauti ikiwa juu mwanzo mpaka mwisho ni kilio, ikianza juu ikashuka ni nguo, ikianza chini ikapanda ni yai, ikiwa chini yote ni kitanda, au daraja. Siku zangu za mwanzo nilienda soko la Ogbete pale Enugu kununua mayai, nikatamka akwa kwa Kiswahili changu yaani nimekaza ile "a" ya mbele, mama wa watu akanielekeza kwa upole kabisa kwenye safu ya wauza vitambaa, nami nikaenda! Nimefika kule naulizia trei moja. Na usitegemee maandishi maana alama za sauti watu karibu hawaziandiki, hata zile nukta za chini ya i, o na u kwenye simu wanaziruka.

Mi ni mjamzito, mume wangu ni Muigbo. Baba mkwe amepiga simu kasema akiwa wa kike ni Nnenna, mjadala umefungwa. Mi nilitaka Ngozi. Nina haki gani hapo? – Mama Kijacho

Hongera mama. Kwanza ujue anachokuomba huyo mzee. Nnenna ni "mama wa baba". Kama mama yake ameshafariki, na nadhani ndivyo, basi anachosema ni kwamba anamsubiri mama yake arudi. Waigbo wa jadi wanaamini mtu mwema anarudi duniani ndani ya ukoo wake, wanaita ilo uwa, na majina yanafuata humo: Nnanna ni baba wa baba, Nnenne ni mama wa mama, Nnamdi ni "baba yangu yupo hai", kama Nnamdi Azikiwe aliyekuwa rais wa kwanza wa Nigeria. Ukimkatalia jina mzee anaweza kusikia kama umemfungia mama yake mlango.

Lakini Ngozi, baraka, nalo ni lao na linapendwa, na mtoto wa Kiigbo mara nyingi anabeba majina zaidi ya moja, la babu, la mama, la kanisani, halafu nyumbani mnaita mnalotaka. Yape yote mawili. Tofauti itakuja kwenye cheti tu, lipi linatangulia, hilo mumeo ndo akaongee na baba yake, usiende wewe.

Na ushukuru ni Nnenna. Kuna majina mazito kule kama yetu ya Shida, Tabu na Mashaka. Onwubiko ni "kifo, tafadhali", la familia iliyozika watoto mpaka ikaanza kukibembeleza kifo chenyewe. Ozoemena ni "jingine lisitokee". Ukikutana na Ozoemena usiulize kwa kelele mbele za watu kilichotokea ni nini.

Halafu jiandae na omugwo: mama yako mzazi, au mama mkwe, atakuja kukaa nawe ukishajifungua, kukukanda na maji ya moto na kukupikia supu ya viazi vikuu yenye pilipili ya kutoa machozi. Ni kama arobaini yetu. Kubali kila kitu, lala.

Naenda Anambra na kaka yangu kwa mambo ya posa. Nimeambiwa kola (ile mbegu wanayokaribishia wageni) haielewi Kiingereza, ni utani? – Hamisi

Ni msemo wao na wanaushika: sala ya kola inasemwa kwa Kiigbo, wewe mgeni unakaa kimya. Mwenyeji ataileta kwenye sahani, itazunguka ionwe na watu kwa mpangilio wao wa ukoo, mzee ataombea, kisha itapasuliwa. Wakati wa sala kila akimaliza ombi wote wanaitikia "Isee!", itikia na wewe, hiyo hawakukatazi. Ikipasuka vipande vinne utaona nyuso zimechangamka, ni zile siku nne za soko. Isiyopasuka wanaiita bubu na hailiwi. Kama kuna dada kwenye msafara mwambieni mapema asinyooshe mkono kuipasua, jadi hiyo wameiachia wanaume, mi mwenyewe niliwahi kuuliza kwa nini nikajibiwa na kicheko.

Ni chungu hiyo, tafuna polepole na usikunje uso.