Kodi ya mazingira kwenye tiketi ya ndege: nawajibu

Nasikia Ulaya abiria wa ndege wanakatwa kodi ya mazingira. Sisi tunaopandia hapa Dodoma nasi tunakatwa? (Msomaji, Ipagala)

Hapana. Ile shilingi 10,000 ya safari za ndani ni tozo ya huduma ya abiria uwanjani. Uingereza wanatoza abiria tangu 1994, ingawa mwanzoni walitafuta mapato tu. Ujerumani walianza 2011. Sweden walianza 2018 wakaifuta Julai 2025, kwa hiyo hata huko bado wanavutana.

Kila lita ya petroli ninayoweka kwenye pikipiki ina tozo ndani yake. Ndege za kimataifa mbona hazikatwi kwenye mafuta? (Bodaboda, Nzuguni)

Umegusa jambo linaloniuma siku nyingi. Mkataba wa Chicago wa 1944 unazuia nchi kutoza mafuta yaliyomo kwenye tangi pale ndege inapotua kutoka nchi nyingine. Baadaye nchi mbilimbili zikawekeana mikataba ya anga, nyingi zikasamehe hata mafuta yanayojazwa uwanjani. Imepita miaka zaidi ya 80. Wewe unayebeba abiria kutoka stendi ya Nzuguni hadi Majengo unalipia kodi ya mafuta, na ndege inayovuka bara mara nyingi hailipi. Ndiyo maana serikali zinazotaka kutoza zinakimbilia kwenye tiketi.

Shikamoo. Kodi gani watu waliwahi kuipenda? Hii si itapingwa kama tozo ya miamala ya pesa kwa simu? (Mwalimu, Kikuyu)

Marahaba, mwalimu. Tozo ile ilipoanza Julai 2021 nilikuwa kwenye foleni ya wakala pale soko la Majengo. Mama mmoja alitaka kumtumia mwanawe pesa ya shule. Akauliza makato, akatajiwa. Alizirudisha noti kwenye pindo la khanga, akafunga fundo, akaondoka bila neno. Serikali ilieleza kwamba fedha zinajenga madarasa na vituo vya afya, lakini watu walikuwa wameshaumia, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Sasa tazama Stockholm. Mwaka 2006 walijaribu kwa miezi saba kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakipinga. Walipoona foleni zimepungua, wakazi wa jiji walipiga kura ya kuikubali. Uingereza nako, mwaka 2020, wananchi 108 wa kila aina walikusanywa kujadili tabianchi. Wengi wao waliunga mkono kodi inayopanda kadiri mtu anavyoruka mara nyingi na mbali zaidi.

Ninachokiona ni kwamba mtu anataka ajue nani anabebeshwa mzigo na fedha inakwenda wapi, tena aambiwe kabla ya kukatwa. Akishajua hayo, hata kodi ataizungumza vizuri.

Mama yangu huenda kliniki Dar kwa ndege mara mbili kwa mwaka, mgongo haumruhusu kupanda basi. Naye atozwe? (Binti yake, Kisasa)

Mpe pole mama. Kwa maoni yangu asiguswe. Safari za mwanzo za mwaka ziachwe, atozwe anayepaa kila wiki kwa shughuli zake. Huyo ana treni ya umeme inayofika Dodoma tangu Julai 2024.

Sijawahi kupanda ndege. Mtama wangu umekauka. Hiyo fedha itafika huku Bahi? (Mkulima)

Pole sana, mzee wangu. Walio wengi duniani hawapandi ndege mwaka mzima, kama wewe, lakini jua linawachoma wote. Fedha inaweza kufika ikiamuliwa. Ufaransa tangu 2006 wanatoza tiketi za ndege, na sehemu ya makusanyo imekwenda Unitaid, inayosaidia dawa na vipimo vya UKIMWI, kifua kikuu na malaria kufika nchi maskini.

Kwako ningeanza na lambo na mbegu ya mtama inayokomaa mapema. Halafu kisiki hai, ambacho wakulima wa Dodoma wanakifanya tayari: kwenye kisiki cha mti uliokatwa unabakiza machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unayaondoa kwa panga, na mti unarudi bila ndoo ya maji. Na pembeni ya lambo liwekwe bango lenye kiasi kilichopokelewa na kilichotumika, ili ukipita na ng'ombe wako usome.