Swali lililopasuka si swali lililofeli

SWALI: Habari yako mhariri. Mimi niko Kondele hapa Kisumu, naandika kalaibrari kangu ka Python ka kupima modeli inayotafsiri Dholuo kwenda Kiswahili. Mwanzoni kosa moja likitokea programu yote inakufa, nikaweka try na except, kosa nikawa naligeuza maandishi naliweka pale pa jibu. Juzi nimeacha maswali 400 yakirun usiku nikalala, asubuhi wastani umeanguka vibaya na kwenye faili naona mistari mingi imeandikwa 'jibu' tu na alama za kunukuu, hata sielewi. Beshte yangu ananiambia kosa liwe dikshenari. Sasa si kosa la Python tayari ni objekti, ya nini kuligeuza tena?
Msomaji, Kondele

JIBU: Pole ndugu, hiyo 'jibu' ishanisumbua na mimi. Hiyo ni KeyError, kosa la Python la kutafuta ufunguo ambao haumo kwenye dikshenari. Ukiitia ndani ya str() inakupa jina la ufunguo uliokosekana na alama zake za kunukuu basi, haikwambii hata kwamba ni kosa, halafu msahihishaji wako akadhani hiyo ndiyo tafsiri akaipa sifuri.

Wewe umefanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, unajua mtoto asiyefika kwa mtihani hapewi E, ile alama ya chini kabisa, anaandikiwa X. Wewe huenda umewapa watoto wa X alama ya E alafu ukapiga wastani wa darasa.

Sasa objekti. Jaribu kuandika hiyo KeyError kwenye faili na json.dumps uone, itakurushia TypeError kwamba kitu hicho hakiandikiki kwa JSON. Tena objekti ya kosa inatembea na traceback yake, yaani kumbukumbu ya njia kosa lilipopitia, na hiyo traceback inashikilia vitu vyote vilivyokuwa kwa funksheni wakati ule, ukiweka mia mbili za hivyo kwa listi memori inajaa bure. Kwa hivyo pale pale ndani ya except chukua unachotaka, objekti uiache iende:

{"swali": 312, "hatua": "kusoma_jibu", "aina": "KeyError", "ujumbe": "'jibu'", "rudia": False}

Aina unaipata kwa type(e).__name__, na ukitaka njia yote kosa lilipopitia ongeza traceback.format_exc(), hiyo ni maandishi tu haina shida. Na uandike except Exception, usiache except tupu, la sivyo hata ukibonyeza Ctrl-C programu inameza na kuendelea kama haijakusikia.

Hapo kwa "hatua" ndio utamu wote uko, usiiruke. Mtandao ukikatika au seva ikisema umezidisha maombi badala ya kuleta jibu, hiyo ni X, modeli haina hatia, "rudia" iwe True. Lakini kama ulimwambia modeli ajibu kwa JSON yenye ufunguo "jibu" na yeye akaleta hadithi yake, hiyo ni E safi kabisa, mpe sifuri yake na "rudia" iwe False. KeyError ni ile ile, hatia ni mbili tofauti, na kwa maandishi matupu huwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo kabla hujasema modeli imeonewa, fungua jibu ghafi la mistari kadhaa uangalie ni nini hasa kilirudi.

Dikshenari nayo ina ubaya wake. Mimi niliwahi kuandika "ujumbe" mahali pamoja na "ujume" pengine, .get() ikawa inanirudishia None kimya kimya wiki mbili nikidhani makosa yangu hayana ujumbe, aibu tupu. Siku hizi natumia TypedDict, iko tangu Python 3.8, ikirun inabaki dikshenari ya kawaida lakini mypy, programu ya kukagua kodi kabla haijarun, inakushika ukikosea jina unapoijenga au unapoisoma kwa mabano [], ila kwa .get() usiitegemee. Watu wa wavuti pia walikubaliana majina yao ya kosa kwenye RFC 7807 ya 2016 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), ikabadilishwa na RFC 9457 mwaka 2023: type, title, status, detail, instance. Si lazima uyaige, mradi yako yasibadilike badilike.

Kwa ripoti toa wastani wa yaliyosahihishwa, na kando yake uandike ni mangapi ya X, Counter ya Python (iko kwenye collections) itakuhesabia kwa aina. Alafu usirudie yote 400 bana, chuja yenye "rudia": True uyatume hayo peke yake.