London na watoto: anza na kitabu

Mama Imani, umeuliza utawapeleka wapi watoto wa miaka 6 na 9 mkiwa London Agosti, na wasome nini kabla. Mimi nilienda na wangu wawili.

Usianze na ramani, anza na Paddington, yule dubu wa kitabu cha Michael Bond kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1958. Ametoka Peru na sanduku lake, kavishwa kibandiko shingoni kinachoomba atunzwe. Tulisoma kidogo kidogo kila usiku hapa Umoja, Nairobi, stima zikipotea tunamalizia kwa tochi ya simu. Kwa hiyo tulipofika stesheni ya Paddington, jukwaa la kwanza, binti yangu alikimbilia ile sanamu ya shaba kama amemwona binamu. Akatoa kipande cha chapati kwenye foili, eti dubu amechoka na jamu ya machungwa anayokula kila mara kitabuni. Nilicheka hadi mzigo ukaanguka.

Makumbusho ya Historia ya Asili hulipii kiingilio, ila maonyesho maalumu. Ukiingia ukumbi mkubwa, mifupa ya nyangumi wa buluu ya mita 25 inaning'inia juu. Kaa hapo, usiwaharakishe.

Kupanda basi ni bure kwa walio chini ya miaka 11, nanyi pandeni orofa ya juu, mbele kabisa. Sweta bebeni hata kama ni Agosti. Na kwa kuwa London iko nyuma yetu saa mbili, wangu waliamka saa kumi alfajiri wakidai uji, basi weka biskuti karibu na kitanda.