Barua kwa mwanangu: weka maji kwanza

Mwanangu, mbukwa.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unauliza kama upo ukweli ulio kweli kwa watu wote, au kila mtu ana wake kadiri anavyoona. Unasema mhadhiri amewafundisha habari za Protagoras, Mgiriki wa kale aliyesema binadamu ndiye kipimo cha vitu vyote, na kwamba Plato ameandika divai ile ile ni tamu kwa Socrates akiwa mzima na chungu akiwa mgonjwa. Sasa unataka nikwambie divai yenyewe ikoje.

Nimecheka peke yangu. Mtoto wa Mpunguzi, huku kwenye zabibu za Dodoma, kwenda kuulizia divai kwa Wagiriki!

La ugonjwa silibishi. Ulipougua malaria darasa la tano uliutema uji wa bibi yako, ukasema ametia shubiri. Uchungu uliousikia ulikuwa uchungu kweli, na bibi hakukwambia unasema uongo. Lakini hakuumwaga uji. Alikubeba mgongoni akakupeleka zahanati.

Ila hayo maneno, "kila mtu na ukweli wake", mimi siwezi kuyasikia bila kumwona yule mnunuzi wa zabibu. Unamkumbuka, ulikuwa umekaa juu ya kreti unakula ubuyu. Mavuno ya Agosti, zabibu nyekundu za divai, tumekata tangu alfajiri ili zisikutwe na jua. Yeye akaja saa saba. Akachukua kile kidude cha kupimia sukari kilichokuwa kimelala juu ya dashibodi ya pikapu, akakamulia punje moja kwenye kioo, akafunika, akakielekeza juani, akachungulia. "Kumi na tano," akasema. Walikuwa wanataka 18. Baba yenu akaapa kwamba zimevuka 20, ulimi wake haujawahi kumdanganya. Mnunuzi akatabasamu lile tabasamu lake, akasema, "Mzee, kila mtu na ukweli wake," huku anafungua kitabu cha risiti aandike bei ya 15.

Hapo ndipo nilipokasirika. Si kwa sababu ya bei. Mtu akisema hivyo huku kalamu ameshika yeye, ukweli wake ndio utakaoandikwa, wako utabaki nao nyumbani.

Nikamwambia weka maji kwanza. Akajifanya hakusikia. Nikarudia: weka maji. Bwana shamba alikuwa ametufundisha kwamba kidude kile kinasoma jinsi mwanga unavyopinda ukipita kwenye juisi. Sukari ikizidi, mwanga unapinda zaidi. Maji safi hayana sukari, kwa hiyo lazima yasome sufuri. Na kikipata joto sana kinasoma pungufu. Tukaosha kioo, tukadondosha maji. Mstari haukuonekana kabisa, ulikuwa umezama chini ya sufuri! Tukakipeleka kivulini chini ya mwembe, tukangoja kipoe, tukakaza skrubu kwa bisibisi ya cherehani yangu mpaka maji yakasoma sufuri. Halafu nikakataa ile punje aliyochuma yeye kwenye ncha ya kishada, maana ncha huchelewa kuiva. Tukakamua punje za juu, za kati na za chini pamoja.

Ikasoma 17.

Si 15 ya mnunuzi, wala si 20 ya baba yenu. Tulilipwa bei ya 17, chini ya ile tuliyoitaka, na baba yenu hakula vizuri siku hiyo. Mimi nilikula. Mpaka leo nikiikumbuka ile 17 nasikia raha. Haikuwa ya mtu. Ilikuwa imekaa ndani ya zabibu inatungoja tumalize kelele zetu.

Najua utakaloniambia, kwamba sukari si utamu. Kweli. Zabibu mbili zinaweza kuwa na sukari sawasawa, moja ikawa na ukali zaidi, ulimi ukaapa kwamba ile nyingine ndiyo tamu. Huo utamu unahitaji ulimi, na bila mlaji sijui kama upo. Hapo nampa Protagoras wako haki yake. Lakini hata ukali nao unapimika. Kwa hiyo naweza kujua kwa nini ndimi mbili zimetofautiana, na wala sihitaji kusema mmojawapo ni mwongo.

Unakumbuka jua lilivyopatwa tarehe 1 Septemba 2016? Shangazi yako alikuwa Rujewa, kule Mbeya, akaona pete ya moto. Sisi hapa tuliona jua limemegwa tu. Kila mmoja aliona kwa mahali aliposimama, na hakuna aliyeongopa. Lakini wataalamu walikuwa wamekwishasema mapema kwamba Rujewa wataona pete. Kama kila jicho lingekuwa na jua lake, wangejuaje?

Haya, nimejibu la Wagiriki. Sasa nikujibu ulilouliza.

Maana mama hadanganyiki, mwanangu. Wiki ile ile kaka yako amenipigia simu. Naye hakuuliza kama kuna ukweli, aliuliza, "Mama, wewe ulisikia nini?" Yeye anasema baba yenu alimwambia shamba la chini ni lake. Wewe unasema alikwambia lisigawanywe. Nadhani mnasema kweli wote wawili. Alikuwa mgonjwa muda mrefu, na jioni akipata nafuu alikuwa anaongea. Leo aliongea na huyu, kesho na yule. Kila mmoja wenu amechuma punje yake kwenye kishada kile, amekuja nayo mkononi anasema hiki ndicho kishada chote.

Ndiyo maana umelipenda somo la mhadhiri wako. Likikubalika, wewe una wako, kaka ana wake, mama anyamaze, na mwenye nguvu alime.

Mimi nilikuwepo kila jioni. Wakati mwingine najiambia yaliyopita hayapimiki tena, zabibu zimekwisha, nitakamua nini? Kisha najibishana mwenyewe. Kutoweza kupima hakufanyi sukari isiwepo. Alikusudia jambo, na jambo hilo lilikuwa moja, hata kama alilisema vipande vipande, hata kama siku nyingine alisema kwa homa. Nami nadhani nalijua. Nalijua kabisa. Limefika kwenye ncha ya kalamu hapa, na mkono unaniwasha.

Lakini sitaliandika. Nikikuandikia wewe, litakuwa la kwako. Nikimwambia kaka yako kwenye simu, litakuwa la kwake. Na mimi mwenyewe sijaweka maji bado: lipo jambo moja ambalo mtoto mmoja alinitendea mwaka juzi na halijanitoka moyoni, sitaki liingie kwenye kioo. Usiniulize ni nani.

Mhadhiri wako mwambie nimeipenda ile hoja ya Plato uliyoiweka mwishoni, kwamba kama kila anachoona mtu ni kweli, basi na anayeona Protagoras amekosea naye amesema kweli. Mnunuzi wangu angeambiwa hivyo angefunga kitabu.

Agosti tunakata tena. Njoo, nimemwambia na kaka yako aje. Baba mdogo naye atakuwepo, kwani jioni nyingine alikaa pale kitandani na alisikia mengi kuliko anavyokubali. Nitasema mbele yenu wote, na kila mtu atasema alichosikia, siku gani, na mgonjwa alikuwa katika hali gani. Usije na mchumba safari hii. Mkasi wa kukatia njoo na wako, huu wa baba yenu kaka yako ameshauchukua, na hilo nalo tutaliongea.

Mama yako.